Mwalimu Nyerere na Mfuko wa Ukombozi: Namna Nchi Changa Ilivyobeba Gharama za Kufunza Wapigania Uhuru

Viongozi wa nchi huru zaidi ya 30 za Afrika walipokutana jijini Addis Ababa, Ethiopia, Mei 1963, Tanganyika ilikuwa haijatimiza hata miaka miwili ya uhuru. Hazina yake ilikuwa ndogo, barabara zake za lami zilihesabika, na jeshi lake lilikuwa na vikosi viwili tu vilivyorithiwa kutoka kwa mkoloni, vikiongozwa kwa sehemu kubwa na maofisa wa Kiingereza. Hata hivyo, ni nchi hiyo iliyokubali kuwa makao makuu ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU). Chombo hicho kilipewa jukumu la kukusanya michango ya serikali za Afrika na kuigeuza kuwa mafunzo ya kijeshi, silaha, chakula na dawa kwa wapigania uhuru wa nchi zilizokuwa bado chini ya wakoloni na walowezi.

Aliyebeba dhamana hiyo kwa niaba ya wananchi wake ni Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, Baba wa Taifa. Maisha yake yamesimuliwa mara nyingi kwa upande wa siasa, falsafa na diplomasia. Upande usiotajwa sana ni ule wa fedha: namna kiongozi wa nchi maskini alivyoamua kwamba sehemu ya jasho la wananchi wake itumike kuwafunza vijana wa nchi nyingine, na namna alivyoisimamia dhamana hiyo kwa zaidi ya miaka 20 pasipo kuiruhusu iuze uhuru wa nchi yake.

Kutoka Butiama hadi Ikulu

Mwalimu alizaliwa Butiama, karibu na Musoma, mwaka 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa Mtemi wa Wazanaki, na mama yake ni Mgaya wa Nyang'ombe. Alichunga mifugo akiwa mtoto na kuanza shule akiwa na umri wa takriban miaka 12 katika Shule ya Mwisenge, Musoma. Mwaka 1937 alijiunga na Shule ya Serikali ya Tabora, kisha akaenda Chuo cha Makerere nchini Uganda, alikohitimu ualimu mwaka 1945. Baada ya kufundisha katika Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, alikwenda Uskoti mwaka 1949 na kupata shahada katika Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1952.

Aliporejea alifundisha Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Julai 7, 1954 kiliundwa chama cha TANU yeye akiwa Rais wake, na mwaka uliofuata akaacha kazi ya ualimu ili aitumikie siasa. Safari yake ya kwanza ya Umoja wa Mataifa jijini New York, mwaka 1955, iliwezekana kwa michango ya wanachama, wengi wao wakiwa watu wa kipato cha chini. Uzoefu huo wa kubeba fedha za wanyonge mfukoni, akijua kila shilingi imetoka kwa nani na kwa ajili gani, ulimfuata hadi alipokuwa Waziri Mkuu mwaka 1961 na Rais wa Jamhuri ya Tanganyika Desemba 9, 1962.

Mfuko Maalumu wazaliwa

Mkutano wa Addis Ababa uliunda kamati ya nchi tisa: Algeria, Ethiopia, Guinea, Kongo (Léopoldville), Jamhuri ya Muungano wa Kiarabu ambayo ndiyo Misri, Nigeria, Senegal, Tanganyika na Uganda. Uliunda pia Mfuko Maalumu ambao ungechangiwa na nchi wanachama. Waziri wa Mambo ya Nje wa Tanganyika wakati huo, Oscar Kambona, alikuwa Mwenyekiti wa kwanza wa Kamati hiyo. Ofisi ya Katibu Mtendaji iliwekwa Dar es Salaam na kushikwa na Watanzania kwa nyakati tofauti, akianza Sebastian Chale, akifuatiwa na George Magombe, na hatimaye Brigedia Hashim Mbita aliyeiongoza hadi mwaka 1994.

Utaratibu uliokusudiwa ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuutekeleza. Serikali zingetoa michango yao katika mfuko mmoja badala ya kila nchi kumfadhili kiongozi inayempenda. Kamati ingevitambua vyama vya ukombozi, ingepokea maombi yao, na kwa kupitia kamati zake ndogo, ikiwemo ya fedha na ya ulinzi, ingeamua nani apewe nini. Chama kisichotambuliwa kisingepata fungu. Lengo lilikuwa kuzuia mgawanyiko, kwa maana fedha inayotoka katika mikono mingi isiyopatana huzaa majeshi mengi yasiyopatana.

Ugumu ulionekana mapema. Uchangiaji ulitegemea hiari ya kila serikali, na serikali nyingi zilichelewa au hazikulipa kabisa. Malimbikizo ya michango yakawa ajenda ya kudumu katika vikao vya OAU. Wakati huohuo wapigania uhuru walikuwa wakiwasili Dar es Salaam, na mwanafunzi wa kijeshi hawezi kuambiwa asubiri mlo hadi kikao kijacho. Pengo hilo mara nyingi liliangukia nchi mwenyeji, iliyotoa ardhi, ulinzi, usafiri na huduma ambazo hazikuwahi kuhesabiwa zote kama mchango wa fedha.

Nchi mwenyeji nayo yahitaji msaada

Kabla Kamati haijatimiza mwaka mmoja, Tanganyika yenyewe ilijikuta ikihitaji msaada wa kijeshi. Januari 20, 1964 askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi wakidai nyongeza ya mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa kigeni. Serikali ililazimika kuomba msaada wa Uingereza, na Januari 25 makomando wa nchi hiyo wakayazima maasi. Kwa kiongozi aliyekuwa akiwakaribisha wapigania uhuru wa bara zima, kuokolewa na dola iliyokuwa mtawala wake hadi miaka miwili iliyopita lilikuwa jambo la fedheha, naye hakulificha hilo.

Mwezi uliofuata alikutanisha Dar es Salaam mawaziri wa nchi za OAU, akawaeleza yaliyotokea na kuomba askari wa Kiafrika wachukue nafasi ya Waingereza. Nigeria ilitoa kikosi kilicholinda nchi kwa miezi kadhaa wakati jeshi la zamani likivunjwa na jipya likiandaliwa. Septemba 1, 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), likiwa na vijana wengi walioandikishwa kutoka Umoja wa Vijana wa TANU.

Jeshi hilo jipya lilihitaji wakufunzi, na hapa Mwalimu alikutana na suala la misaada ya mafunzo akiwa upande wa mpokeaji. China ilileta wataalamu. Canada ilituma timu ya washauri na wakufunzi iliyofanya kazi nchini kati ya mwaka 1965 na 1970. Ujerumani Magharibi nayo ilikuwa ikisaidia kuanzisha kikosi cha anga na cha majini. Kwa kuchanganya watoaji kutoka kambi zilizohasimiana katika Vita Baridi, Serikali ilijizuia kutegemea mlango mmoja.

Mtihani ulikuja mwaka 1965. Baada ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, Serikali iliiruhusu Ujerumani Mashariki kuwa na ubalozi mdogo Dar es Salaam. Ujerumani Magharibi ikajibu kwa kuondoa msaada wake wa kijeshi. Mwalimu hakubembeleza, aliitaka nchi hiyo iondoe na misaada mingine ya Serikali, kwa kuwa msaada ulioanza kutumika kama hatamu haukuwa msaada tena. Desemba mwaka huohuo, kwa kutekeleza azimio la OAU kuhusu uasi wa walowezi wa Rhodesia, Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza, na mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa ukitarajiwa ukazuiwa. Kwa bajeti ya wakati ule, hicho kilikuwa kiasi kikubwa cha shule, zahanati na barabara.

Mambo hayo mawili yalimpa Mwalimu kipimo alichokitumia baadaye akiwa upande wa mtoaji. Aliyeonja uchungu wa msaada wenye masharti hakutaka wapigania uhuru waliokuwa wageni wake wageuzwe vibaraka wa yeyote, wakiwemo wenyeji wao.

Mabishano ya Cairo

Julai 1964 wakuu wa nchi za OAU walikutana jijini Cairo. Rais Kwame Nkrumah wa Ghana, ambaye nchi yake haikuwemo katika Kamati ya Ukombozi, aliishambulia Kamati hiyo mbele ya mkutano. Alihoji namna fedha zilivyotumika, mafunzo yalivyotolewa, na hali ya wapigania uhuru waliodaiwa kukosa mahitaji ya msingi. Yalikuwa maswali mazito, na yalielekezwa kwa nchi mwenyeji kama yalivyoelekezwa kwa watendaji wa Kamati.

Mwalimu alijibu kwa ukali usio wa kawaida yake. Aliitetea Kamati na kuueleza mkutano kwamba nchi iliyokuwa ikilaumu matumizi ya mfuko haikuwa imeuchangia. Wengi waliukumbuka mjadala huo kama mgongano wa wanamajumui wawili wakubwa kuhusu kasi ya kuunganisha Afrika. Lakini ndani yake lilikuwemo pia suala la hesabu: ni nani mwenye haki ya kudai maelezo ya fedha za pamoja, na ni nani mwenye wajibu wa kuyatoa. Suala hilo halikumalizika Cairo. Bajeti ya Kamati iliendelea kujadiliwa na Baraza la Mawaziri wa OAU, na lawama kuhusu uchache wa fedha na mgawanyo wake ziliendelea kusikika kwa miaka mingi.

Mashamba ya karanga yawa vyuo vya uhuru

Kati ya maeneo yaliyotengwa kwa mafunzo, mawili yalikuwa na historia ya pekee kuhusu fedha za umma. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, ikichagua Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mradi uliporomoka na kutelekezwa mwaka 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30 za walipa kodi wa Uingereza. Yaliyobaki ni majengo, mashamba yaliyofyekwa na mabaki ya mitambo.

Miaka kumi na ushee baadaye, Serikali ya Tanganyika ilifungua tena Kongwa, safari hii kwa ajili ya wapigania uhuru. FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, ZAPU ya Zimbabwe na MPLA ya Angola zote zilipata nafasi hapo kwa nyakati mbalimbali. Mmoja wa waliokuwa viongozi wa kambi hiyo kwa upande wa FRELIMO ni Samora Machel, aliyekuwa amerejea kutoka mafunzoni Algeria. Nachingwea nayo ikawa kituo kikuu cha mafunzo cha FRELIMO, na Mgagao, mkoani Iringa, ikawapokea wapiganaji wa ZANU. Gharama iliyokuwa imepotea kwa mkoloni ikapata matumizi ambayo mkoloni hakuyakusudia.

Usimamizi wa kambi hizo ulihitaji uangalifu mkubwa. Silaha zilizotoka Urusi, China na nchi nyingine rafiki zilipita katika bandari ya Dar es Salaam, na Serikali kupitia JWTZ ndiyo iliyozipokea na kusimamia usafirishaji wake. Misaada isiyo ya silaha, kama vile dawa, nguo na vitabu, ilitoka kwa serikali na wananchi wa nchi nyingi, zikiwemo za Skandinavia. Kwa utaratibu huo, nchi mwenyeji ilijua nini kinaingia, kinakwenda wapi na kwa nani. Haukuwa utaratibu uliowafurahisha vyama vyote, kwa kuwa kila chama kingependa kushika ghala lake chenyewe. Lakini hakuna serikali iliyoshuhudia maasi ya Colito ambayo ingeweza kuacha maelfu ya bunduki ndani ya mipaka yake bila mwangalizi.

Wala kambi hazikukosa majonzi. Februari 3, 1969 Rais wa FRELIMO, Dkt. Eduardo Mondlane, aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi. Mwaka 1976 wapiganaji wa vyama viwili vya Zimbabwe, waliokuwa wakifunzwa pamoja kwa matumaini kwamba wangekuwa jeshi moja, walipambana wenyewe kwa wenyewe Mgagao na Morogoro, na damu ikamwagika. Fedha iliweza kununua sare na chakula. Umoja ulihitaji subira ya miaka na vikao visivyo na idadi, na vingi kati ya hivyo Mwalimu alivisimamia mwenyewe akiwa Mwenyekiti wa nchi za Mstari wa Mbele.

Mzigo wa mwananchi

Swali ambalo Mwalimu hakuweza kulikwepa ni la mwananchi wa kawaida: kwa nini mkulima wa Lindi au Songea, ambaye mwanawe hana dawati, achangie bunduki ya kijana wa Msumbiji? Azimio la Arusha la Februari 5, 1967 lilitangaza kujitegemea kuwa msingi wa maendeleo, na wapo walioona kwamba kujitegemea na kuwasaidia wengine ni mambo yanayopingana. Kwa Mwalimu hayakupingana. Alishikilia kwamba uhuru wa Tanzania ungebaki nusu maadamu mpaka wake wa kusini ulipakana na utawala wa kikoloni, na wakazi wa mpakani walilijua hilo bila kufundishwa. Mabomu ya kutegwa ardhini na mashambulizi ya majeshi ya Ureno yaliua na kujeruhi Watanzania katika maeneo ya Ruvuma na Mtwara.

Alijua pia kwamba kiongozi hawezi kuwataka wananchi wajifunge mkanda huku wake ukiwa umelegea. Oktoba 1966 alipunguza mshahara wake kwa asilimia 20, na viongozi wengine wakafuata. Wananchi nao, kupitia matawi ya chama, viwanda na shule, walichangia fedha, nguo na hata damu kwa ajili ya wapigania uhuru.

Juni 25, 1975 Msumbiji ikawa huru, na aliyekuwa mmoja wa viongozi wa kambi ya Kongwa, Samora Machel, akawa Rais wake wa kwanza. Angola ilifuata Novemba mwaka huohuo, na Zimbabwe Aprili 18, 1980.

Katikati ya mafanikio hayo nchi ilipata pigo. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Vita vilivyofuata, vilivyomalizika mwaka 1979 kwa kuanguka kwa utawala wa Amin, vilikadiriwa kuigharimu Tanzania takriban dola za Marekani milioni 500. Tanzania ilizibeba gharama hizo kwa sehemu kubwa peke yake, kisha ikabaki Uganda kulinda usalama na kusaidia kufunza jeshi jipya la nchi hiyo. Vita hivyo, pamoja na kupanda kwa bei ya mafuta na kuanguka kwa bei za mazao, viliuacha uchumi katika hali ngumu ambayo kila kaya iliihisi kwenye foleni za sukari, sabuni na vitambaa. Hata katika miaka hiyo, milango ya kambi haikufungwa. ANC ilipewa ardhi Mazimbu na Dakawa, mkoani Morogoro, ilikojenga shule na makazi ya wakimbizi wake.

Hesabu yafungwa

Mwalimu aling'atuka urais mwaka 1985 na kuacha uenyekiti wa Chama Cha Mapinduzi mwaka 1990. Mwaka huo, Machi 21, Namibia ilipata uhuru wake. Aprili 1994 wananchi wa Afrika Kusini walipiga kura kwa mara ya kwanza bila ubaguzi wa rangi, na Kamati ya Ukombozi, baada ya miaka 31, ikahitimisha kazi yake mwaka huohuo. Ni vyombo vichache vinavyotumia fedha za umma ambavyo vimewahi kufungwa kwa sababu kazi yao imekwisha.

Baba wa Taifa alifariki dunia jijini London Oktoba 14, 1999 na kuzikwa kijijini kwake Butiama. Katika mazishi hayo, nchi ambazo vijana wake waliwahi kulala katika mabanda ya Kongwa na Nachingwea zilikuja zikiwa mataifa huru, zikiwakilishwa na viongozi wenye bendera na nyimbo zao za taifa.

Leo maeneo ya kambi hizo, pamoja na makaburi ya wapigania uhuru waliofia nchini, yanahifadhiwa kama urithi wa ukombozi wa bara la Afrika. Mgeni anayefika Kongwa huonyeshwa majengo, mahandaki na makaburi hayo. Hakuna jiwe linaloonyesha jumla ya shilingi zilizotumika, na sehemu kubwa ya mchango wa Watanzania haikuwahi kuandikwa kwenye daftari lolote: shamba lililotolewa, gunia la mahindi lililopungua ghalani, mlinzi aliyekesha. Kwa wasimamizi wa fedha za umma wa kizazi hiki, historia hiyo inabaki kuwa ukumbusho kwamba kila fungu la Serikali linaloidhinishwa kwa ajili ya wengine limetoka kwa mtu ambaye naye alikuwa na haja nalo, na kwamba mtu huyo anastahili kujua limefanya kazi gani.